Mluguru Halisi wa Bwana wa Kadi

Shoga Asia, weka mchi chini kwanza. Kaka yangu Mikidadi leo kanusurika viboko ishirini na tano, na mpaka sasa siamini.

Unajua kajifunza kupiga picha juzijuzi tu. Leo akampelekea yule Mdachi anayenunua picha za kutengenezea kadi za posta. Picha zote za wazee wa milimani. Na wazee wetu unawajua, hapigwi mtu picha na nguo ya shamba! Benedikto kaazima koti, Kasiani kaazima mpaka viatu.

Mdachi akazitupa. "Hawa wamevaa! Mimi nataka Mluguru halisi."

Halisi, shoga! Kasiani mzaliwa wa Uluguru si halisi, kisa viatu.

Mara ikadondoka picha moja mbovu, ilijichanganya humo. Mikidadi aliianika juani mno ikaungua, nyeusi tii. Mtu anaoga mtoni, uchi, unaona mgongo tu. Mwenye mgongo ni Mdachi huyohuyo! Kaka alimpiga picha Jumapili kwa kujificha, eti anajaribu kamera.

Mdachi akaikodolea macho. Mikidadi keshaanza kuhesabu viboko.

"Huyu! Huyu ndiye Mluguru halisi!"

Huyu ndiye, shoga! Akainunua palepale, akaandika chini kwa mkono wake: Mshenzi wa Uluguru.

Kadi ya kwanza anampelekea mkewe Ujerumani.

Mikidadi anasema yamekwisha. Yamekwisha wapi? Mwanamke gani asiyeujua mgongo wa mumewe?