Breki za Tusukume

Ruanda, Mbozi
Jumatatu jioni

Mdogo wangu mpendwa Enesi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, wewe, shemeji Emanueli na mwanetu Brayan. Natumaini barua hii inawakuta na afya njema, na kwamba vumbi la malori ya hapo Tunduma halijamrudishia Brayan kile kikohozi chake. Sisi huku tunaamka, tunamshukuru Mungu. Mvua za kwanza zimeanguka, kahawa imetoa maua hadi shamba la bondeni limekuwa jeupe, na wenye mbegu wameshaanza kupanda mahindi. Imelda anakusalimu. Watoto wanauliza shangazi yao atakuja lini, nami huwa najifanya sijasikia.

Mama anaendelea vizuri. Plasta ilitolewa hospitali ya Vwawa, na sasa anatembea kwa fimbo kutoka kitandani mpaka jikoni, na siku akijisikia ana nguvu hufika mpaka kwenye migomba. Hawezi tena kuchuchumaa, kwa hiyo anapepeta maharage akiwa amekaa kwenye kiti cha marehemu baba. Anakutaja kila siku. Hanilalamikii, anakutaja tu, kama mtu anayeita kuku warudi bandani.

Nimekupigia simu mara nyingi na hukupokea. Sikulaumu. Ningekuwa wewe, na mimi nisingepokea. Barua hii nampa Fausta, yule anayepeleka maharage kuuza mpakani, akuwekee mkononi mwenyewe. Pengine ni heri iwe barua, kwa sababu haya ninayotaka kukuambia, kwenye simu ningeyapunguza.

Unajua jinsi tulivyolipenda lile gari. Baba alilinunua kwenye mnada wa misheni, Landrova iliyokwisha kuzeeka hata kabla hatujaanza shule, na sijui kama kuna wiki iliyopita bila kulala njiani. Likipata betri, stata ilikataa. Stata ikipona, rejeta ilivuja, tukawa tunasafiri na ndoo. Watu wa hapa walilibatiza Tusukume, maana hakuna mwanamume wa Ruanda ambaye hajawahi kuliwekea mabega. Hata hivyo ndilo lililowapeleka wajawazito hospitali kipindi barabara ilikuwa tope tupu na magari mengine yote yamekwama. Baba alikuwa akisema kwamba gari linalowaka lenyewe kila asubuhi halijui jina la mwenyewe.

Na siku ya harusi yako je? Lilizima kwenye kile kilima, wewe ukashuka na shela lako, ukalisukuma pamoja na wapambe wako, mkicheka mpaka machozi. Emanueli alishuka pia akiwa na suti, akafungua boneti. Nadhani siku ile ndipo baba alipompenda kweli. Alisema mbele ya wote kwamba hakuoza binti, alipata fundi.

Baada ya baba kufariki gari likabaki kwangu, lakini aliyelifanya liendelee kuishi ni Emanueli. Alikuwa anatoka Tunduma Jumapili, anakula ugali haraka, kisha anajilaza chini ya gari na suruali yake ya kanisani. Hakutaka kulipwa. Akilitaja ilikuwa kama anamtaja bibi yetu: leo kifua kinambana, leo magoti hayana nguvu. Tulikaa pale, mimi nikimpa spana, tukizungumza mambo ambayo mimi na baba hatukuwahi kuzungumza. Nasema haya ili ujue kwamba sikusahau. Nilikuwa nayakumbuka yote hata siku ile nilipomtazama akifukuzwa.

Ya sikukuu ya mavuno unayajua, lakini niruhusu niyapitie. Miaka yote baba ndiye aliyebeba sadaka ya mtaa wetu kupeleka kanisani, na baada yake nikabeba mimi. Mwaka huu jirani yetu Wiliam alinunua Noah. Kwenye kikao cha wazee wa kanisa wakasema sadaka ipande Noah, kwa sababu tunatarajia wageni na haifai wageni watukute barabarani tukisukuma. Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, hata mchungaji alicheka, lakini mimi nilirudi nyumbani kama mtu aliyevuliwa shati hadharani. Nikamwambia Imelda kwamba sadaka ya nyumba hii haitapanda gari la mtu.

Asubuhi ile Tusukume liliwaka mara moja, kitu ambacho hatujawahi kukiona. Niliona ni jibu kutoka kwa baba. Tukapakia magunia ya mahindi, maboga na kuku. Mama akakaa mbele na mimi, amevaa kitenge cha akina mama wa kanisa. Watoto wa jirani walitaka kurukia nyuma kama kawaida, nikawakataza. Niliwaambia watachafua sadaka.

Kwenye mteremko wa kuelekea kanisani breki zikakataa. Nilikanyaga, pedali ikaenda mpaka chini kama inazama kwenye maji. Hendi breki unaijua, ni pambo tu. Mbele kulikuwa na watu wamejaa barabara, wamevaa vizuri, wanaimba. Nikakata kuingia kwenye ukingo wa shamba la kahawa, gari likalala ubavu upande wa mama. Mguu wake ukavunjika juu ya goti. Wengine wote Mungu aliwaepusha.

Na yaliyofuata ulikuwepo. Baba mdogo Yesaya aliitisha kikao cha ukoo hapa sebuleni wakati mama bado yuko wodini. Walisema Emanueli alikuwa chini ya gari hilo siku chache tu kabla, na kwamba fundi anayeacha gari la mkwe wake bila breki ama ni mzembe ama ana lake moyoni. Baba mdogo akamwuliza kama aliliacha gari likiwa zima. Emanueli, kwa heshima ya ukweni, hakuinua sauti. Alisema maneno mawili tu:

"Kaka anajua."

Wote wakanigeukia. Nawe ulinigeukia, Enesi. Ulikuwa umembeba Brayan. Nikasema, "Fundi ni yeye."

Wakamwambia asikanyage hapa mpaka atakapokubali kosa lake. Ukasimama ukasema kama mumeo ni mtu wa kuvunja watu miguu basi na wewe ni mke wa mvunja miguu, ukafunga mtoto mgongoni, mkaondoka kwa miguu mpaka barabara kuu. Nimesikia pia kwamba maneno yale yalifika Tunduma kabla yenu, na kwamba madereva waliokuwa wanamsubiri Emanueli sasa wanapeleka magari kwa wengine. Nilisikia, nikanyamaza.

Wiki iliyopita kondakta wa basi aliniletea kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Hakikuwa na barua wala salamu, jina langu tu juu yake. Ndani kulikuwa na raba mpya za pampu ya breki za Tusukume. Nilijua kifurushi kile kimetoka wapi hata kabla sijamaliza kukifungua. Nilikaa kwenye kizingiti nikiwa nazo mkononi, Imelda akaja akaniuliza nina nini, nikazifunika kwa gazeti.

Sasa nakuambia, mdogo wangu. Mumeo alinionya.

Siku ile alipokuja mara ya mwisho alifungua pampu ya breki, akanionyesha raba zilivyokatika. Akasema, "Kaka, hili lisitoke hapa. Nitazitafuta raba Mbeya, nikizikosa nitaagiza, lakini lisitoke." Kisha akabeba mawe mawili makubwa mwenyewe, akayaweka mbele ya matairi. Akanishika mkono, akataka nimwahidi. Nikamwahidi. Hakuna aliyetusikia, Imelda alikuwa shambani na mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

Asubuhi ya sikukuu niliyaondoa yale mawe kwa mikono yangu hii. Niliongeza mafuta ya breki, nikakanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikawa ngumu kidogo, nikajiambia ni safari fupi. Wale watoto niliowakataza kupanda, sikuwakataza kwa sababu ya kuchafua sadaka. Niliogopa. Niliwaogopea watoto wa Wiliam, na mama yangu mwenyewe nikamfungulia mlango apande, kwa sababu nisingeweza kuvumilia kumwona akishuka kwenye Noah ya Wiliam mbele ya watu.

Hospitali, baba mdogo aliponiuliza Emanueli alisema nini kuhusu breki, nilimjibu kwamba alisema nitembee tu, hazina shida. Ndiyo maana walimhukumu. Hawakumhukumu kwa kukisia. Walimhukumu kwa neno langu. Naye alipokuwa amesimama pale sebuleni akasema kwamba mimi najua, alikuwa ananifungulia mlango nipite. Nikaufunga.

Nilimwambia Imelda kwanza. Aliinuka, akachukua chakula alichokuwa amenipakulia, akakirudisha sufuriani. Kisha nikaenda kwa mama. Nilipiga magoti pembeni ya kile kiti, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Aliendelea kupepeta maharage mpaka nikamaliza, ndipo akaweka ungo chini.

Akasema, "Mguu ulikuwa unauma, nikasema utaunga, na umeunga. Mtoto wangu uliyemfukuza nitamuunga na nini?"

Jumamosi niliwaita baba mdogo Yesaya na wale wote waliokuwa kwenye kikao, nikawaambia sebuleni pale pale. Mzee mmoja alijaribu kunisaidia, akasema shetani hupita kwa mtu yeyote. Nikamwambia shetani hakubeba mawe yale, niliyabeba mimi. Baba mdogo alivaa kofia yake akatoka bila kuniaga. Jana alirudi. Alisema amelala vibaya, maana yeye ndiye aliyetamka maneno ya kumfukuza mkwe asiye na kosa, na kwamba ni lazima aende Tunduma kuomba radhi hata kama mimi siendi. Nikamwambia nakwenda.

Kwa hiyo Jumamosi hii tutapanda basi, yeye na mimi. Hatutaingia nyumbani kwako kabla hamjatukaribisha. Tutakwenda kwanza pale gereji ya Emanueli, nami nitasimama mbele ya mafundi wenzake na madereva watakaokuwepo, niseme kwa mdomo wangu nani aliyelitoa gari lile na nani aliyekataza lisitoke. Nakuomba umsomee Emanueli barua hii yote. Msomee na baba mkwe wako, maana najua naye amebeba aibu ambayo si yake. Kama Emanueli atakataa kunipa mkono, nitaelewa.

Gari lipo pale bandani, limebonyea ubavu. Ufunguo nimempa baba mdogo. Zile raba nimezifunga tena kwenye gazeti lake, nitakuja nazo, maana sistahili kuzifunga mimi garini. Imelda anataka liuzwe vyuma chakavu na sina uso wa kumpinga. Ila nisikudanganye tena: kila asubuhi nikipita pale bado naligusa boneti, halafu nauangalia mkono wangu kwa aibu.

Na kuna moja ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Imelda, hata wazee. Nilipojitoa garini siku ile, nililizunguka. Nililizunguka lote, nikitazama taa, nikitazama mlango, nikitazama kama injini inavuja, kama vile baba alivyokuwa akifanya. Mama alikuwa ndani ananiita jina. Nilimsikia. Nikamaliza kulitazama gari, ndipo nikaenda kumtoa. Kupitia kioo cha mbele kilichopasuka macho yetu yalikutana, kwa hiyo anajua. Mpaka leo hajawahi kulisema, wala kwa wauguzi, wala kwa baba mdogo, wala kwangu nilipokuwa nimepiga magoti mbele yake. Ndilo linaloniamsha kuliko yote.

Nimechoka sasa, na taa inaishiwa chaji. Nisalimie shemeji, ikiwa salamu yangu bado inaingia masikioni mwake. Mbusu Brayan. Salimia wifi zako wote na majirani walionisemea vibaya, maana walisema kweli. Imelda amekufungia karanga kidogo, Fausta atakupa. Mama anasema anakuombea asubuhi na usiku, na kwamba nikuandikie hivi hivi alivyotamka: njoo.

Basi njoo umwone mama, Enesi. Kama uso wangu ni mzito kwako, mtumie Imelda neno siku utakayokuja, nami nitakuwa shambani mpaka utakapoondoka.

Ni mimi kaka yako,

Yonathani Lusubilo