Zamu ya Fantaye

Addis Ababa, Meskerem 9, 2011

Mdogo wangu mpendwa Zenebech,

Habari za tangu tuagane kituoni Dessie? Mwaka mpya umekuingiaje? Goti linaendeleaje, na yule ng'ombe wako mkorofi amezaa? Mimi mzima, Mungu ashukuriwe, ugonjwa wangu ni hamu ya kukuona tu.

Uliniambia mjini nitanyauka. Basi sikia. Juzi binti yangu Hirut alinipandisha treni ya umeme kutoka huku kwetu Ayat mpaka katikati ya mji. Treni yenyewe inapita juu ya barabara na magari yanabaki chini yanapigiana honi. Tulifika Piassa, tukaingia mkahawani, watu wakinywa makiato wima kama wanaosubiri basi. Nami nikasimama. Kikombe kidogo cha kuchezea watoto, juu povu, chini kahawa kali. Nilikunywa viwili, na nikirudi nilitaka kuimba ndani ya treni, Hirut akanifinya.

Nyumbani tuko ghorofa ya nne. Kuna blenda inayosaga vitunguu kabla machozi hayajatoka, na kuna sinia la umeme la kuokea mikate yetu ya injera. Unabonyeza, taa nyekundu inawaka, unamimina rojo, unafunika. Hakuna kuni wala moshi. Siku ya kwanza nilisimama nalo nusu saa nikisubiri kazi yenyewe ianze.

Lakini sikuandika kwa ajili ya blenda. Wanawake wa majengo haya wana chama cha Bikira Mariamu, wanakutana kila tarehe ishirini na moja kwa zamu, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Wako kumi na wanne. Mwenyekiti ni bibi mmoja, Weyzero Aselefech, alikuwa mwalimu mkuu, na bado anamtazama mtu kama amechelewa kuingia darasani. Wameniambia nipokee zamu ya mwezi wa Tikimt, halafu wataamua kama waniingize. Unajua maana yake. Bila chama, mtu hapa anaishi na kuta. Akiugua hana wa kumpelekea uji, na akifa watu wanauliza jina lake kwenye ngazi.

Yule bwana wa kununua, Ato Seifu, anataka jibu la nyumba yangu ya huko kabla Tikimt haijaisha. Mwambie asubiri. Wakinikataa, sitauza, nitarudi tuendelee kugongeana ukuta. Wakinikubali, nauza.

Dada yako,
Fantaye


Dessie, Meskerem 22, 2011

Dada yangu Fantaye,

Salamu nyingi. Goti linauma likipenda. Ng'ombe amezaa ndama dume, mweusi, ana hasira za mama yake. Sikukuu ya Msalaba tuliwasha moto kama kawaida, jirani wote walikuja, na kila mmoja aliniuliza uko wapi, nikachoka kujibu nikasema umekwenda kunywa kahawa wima.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya pili nilitafuta mahali uliponiuliza mimi nakaaje peke yangu, sikupaona. Labda blenda imepasaga.

Sikia, mimi nasema ukweli kama nilivyozaliwa. Injera isiyoona moshi ni kitambaa. Hao wanawake wa ghorofani wataila kwa adabu, watafuta midomo, na ngazini watakucheka. Mwenyekiti wenu namjua bila kumwona. Wewe umepika kwenye harusi za nusu ya Dessie, leo unakwenda kufanyiwa mtihani na mwalimu mkuu aliyestaafu? Rudi tu. Nyumba yako naifagia kila Jumamosi, na dirisha la nyuma nimelifungua lipate hewa. Ato Seifu amekuja mara mbili kupima ukuta kwa kamba. Nimemwambia kamba yake imekosea.

Nimempa dereva wa basi mfuko wa berbere, niliisaga mwenyewe. Usiniambie na pilipili inatoka kwenye mashine. Na zile kaseti zako za harusini zilikuwa chini ya kitanda, nazo nimezitia humo, maana panya wameanza kuzisikiliza.

Mdogo wako,
Zenebech


Addis Ababa, Tikimt 11, 2011

Zenebech wangu, mwenye ulimi na roho ya kutuma berbere,

U mzima? Ndama yu mzima? Sisi huku salama, isipokuwa mimi silali vizuri kwa kuhesabu siku.

Umenisema, na umenisema kwa haki. Unakaaje peke yako? Niandikie. Nauliza kwa moyo wote na nimeona aibu.

Kaseti zimefika. Nilizipeleka Piassa kwa kijana mwenye kibanda kidogo kilichojaa redio za zamani hadi darini. Anazicheza upande mmoja, upande wa pili zinaingia kwenye flashi ndogo kama punje ya njugu. Nilikaa kwenye kigoda chake asubuhi nzima. Ilipofika ile uliyochezea mabega kwenye harusi yangu mpaka shela likachanika, nililia mbele za watu. Kijana alinipa karatasi ya choo na kuniambia wateja wake wote hulia, ndiyo maana anaiweka karibu. Sasa Hirut amenunua spika inayochajiwa, ina taa zinazobadilika rangi, unachomeka flashi na ujana wako unatoka.

Na nimefanya jambo kubwa. Zamani Weyzero Aselefech alikuwa anapita mlango kwa mlango kukumbusha watu. Mimi nimewaalika kwa simu. Hirut alinionyesha mara moja, nikamwambia aende kazini, najua. Niliandika: Tikimt 21, Mariamu, kwa Fantaye, 8:00. Simu ya kila mmoja italia yenyewe nusu saa kabla. Weyzero Aselefech alinijibu kwa neno moja, "Maendeleo." Nimelisoma mara nyingi, sijajua kama ananisifu.

Tarehe yenyewe ni Jumatano, siku ya kufunga, kwa hiyo nyama hakuna. Nitapika dengu, mchuzi wa shiro, kabichi na viazi. Padri wetu, Abba, atakuja saa nane kubariki, wataanza kula saa tisa mfungo ukiisha. Injera sitini. Rojo nitalichachua ndoo tatu.

Kama unasali siku hiyo, niombee.

Dada yako,
Fantaye


Addis Ababa, Tikimt 23, 2011

Mdogo wangu,

Salamu kabla sijasahau salamu. Hukujibu barua yangu ya mwisho, nami sikungoja. Vuta kigoda.

Jumatano asubuhi, Hirut ameshakwenda kazini, mimi niko na gauni la kulalia, kichwa nimefunga tambara, rojo limenifika viwiko. Injera tano tu ziko kapuni. Mlango ukagongwa. Nikafungua. Weyzero Aselefech kasimama na shela jeupe, nyuma yake ngazi nzima imejaa mashela meupe mpaka ghorofa ya tatu. Ilikuwa saa mbili.

Zenebech, simu haihesabu saa kama sisi. Simu inahesabu tangu usiku wa manane. Saa nane yangu ya mchana, yeye huiandika 14. Mimi niliandika 8, ikawalilia wote saa moja na nusu asubuhi, wengine wakiwa kitandani.

Nikasema, "Weyzero Aselefech, si mlijua ni saa nane?"

"Tulijua," akasema. "Lakini simu imesema nusu saa. Tukadhani umebadilisha. Mimi kuchelewa sikuzoea."

Wakaingia, wakaketi safu kwenye kochi, kwenye kitanda cha Hirut, kwenye ndoo zilizogeuzwa. Na hapo ndipo aibu iliponikaba. Wageni kumi na wanne ndani ya nyumba na huwezi kuwapa hata maji ya kunywa, maana wote wamefunga mpaka saa tisa. Walitazama mapaja yao. Mmoja alipiga miayo. Nilijiambia, Fantaye, funga mizigo, Zenebech amefungua dirisha la nyuma.

Nikarudi jikoni, maana sinia halisubiri. Kidogo Weyzero Aselefech akaja, akasimama mlangoni, akatazama ndoo tatu za rojo na lile kapu. Nikajua anahesabu. Akasema tu, "Nipe kisu."

Alimenya viazi kama anasahihisha madaftari. Wengine walipomwona mwenyekiti kakunja mikono ya gauni, nani angebaki kochini? Jikoni pale hapaenei watu watatu, wakajipanga mpaka sebuleni na vitunguu vyao. Blenda ilizunguka kwa mikono, kila mmoja alitaka kuibonyeza. Injera zikafika ishirini na mbili.

Saa nne umeme ukakatika, majengo yote.

Hebu fikiri kama wangefika saa nane kama nilivyopanga. Wangenikuta na injera ishirini na mbili, dengu mbichi, na sinia limepoa, mimi peke yangu nalia. Ndiyo mtihani wangu ungekuwa umekwisha. Nilikaa chini sakafuni nikawaambia ukweli, kwamba huku mjini bila ile taa nyekundu sijui nifanye nini.

Weyzero Aselefech alifuta kisu. "Una miaka mingapi ya kuoka kwa kuni?"

Nikasema arobaini na moja.

"Basi kinachokosekana ni kuni."

Uani huku kuna kibanda cha jumuiya, watu huchinjia humo siku za sikukuu. Ndani yake kuna mafiga na masinia mawili ya udongo ambayo hakuna aliyeyagusa tangu Pasaka. Tulishusha ndoo ngazi nne, wanawake kumi na watano, rojo likimwagika kwenye mashela. Mmoja alileta majani ya mkaratusi, mwingine mlango wa kabati lake bovu, tukaupasua. Moshi ulipopanda, madirisha yote ya majengo yakafunguka. Nilipaka sinia mafuta, nikamimina duara la kwanza kwa mkono wangu ule ule wa Dessie, na likatoa macho, Zenebech, vitundu elfu, mpaka pembeni. Wanawake wakasogea kutazama. Hapo hakuna aliyekuwa mwalimu wangu.

Ile spika ina betri yake. Nikachomeka flashi. Walipoisikia ile ya shela lililochanika, mmoja wa Gondar alianza bega moja tu, kwa kuona haya, maana ni Jumatano. Mwingine akasema Mariamu mwenyewe alihudhuria harusi. Basi. Walicheza wakiwa wamekaa, wanachambua kabichi, mabega yanaruka. Weyzero Aselefech alicheza shingo tu, uso hautikisiki, na huyo ndiye aliyekuwa bora kuliko wote.

Abba alipofika saa nane alikuta wanachama wake wana majivu mpaka kwenye nyusi. Aliuliza nani amekufa. Alibariki, tukangoja saa tisa, na injera sitini na nane zikaliwa zote, na berbere yako waliililia. Nikasema ni ya mdogo wangu. Nikakutaja jina mbele ya watu.

Mwishoni Weyzero Aselefech alisimama. Akasema, "Miaka kumi na moja tumekuwa tukifika, tunakula, tunaondoka. Leo ndiyo nimejua nani kati yenu anaweza kuwasha moto. Kuanzia mwezi ujao tunafika saa mbili, kwa kila mwenye zamu." Halafu akafungua daftari la chama, akanipa kalamu niandike jina langu mwenyewe. Mkono ulikuwa na masizi, nimeacha alama ya kidole pembeni, hakunikemea.

Nimeshinda, mdogo wangu. Natembea kwenye ngazi watu wananiita kwa jina.

Kwa hiyo mwambie Ato Seifu ndiyo. Najua nakuandikia nini na najua nani anakaa upande wa pili wa ule ukuta. Nimelia kabla ya kuandika mstari huu. Lakini nisingekuandikia uongo.

Dada yako,
Fantaye


Dessie, Hidar 3, 2011

Dada yangu,

Mimi mzima. Goti zima, ndama mzima, kila mtu mzima, tuache hayo.

Uliniomba nikuombee, na sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu safi. Jumatano ile nilikwenda kanisani kwa Mariamu alfajiri, nikasimama mpaka jua likapanda, nikamwomba ushindwe. Si kwa aibu kubwa. Ushindwe kidogo, kiasi cha kukurudisha. Nilimwomba asubuhi yote, saa zile zile ulipokuwa unashusha ndoo ngazini. Sasa umejua mdogo wako ni mtu wa namna gani.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilipofika kwenye mashela meupe nilianza kucheka, na nilipofika kwenye umeme nilisimama wima, kikombe kikaanguka, nikamwambia Mariamu kwa sauti, hapana, sikusema hivyo, mwache ashinde. Jirani akaja kuuliza nagombana na nani. Nikamsomea yote. Amekwenda kumsomea mumewe. Sasa soko zima la Dessie linajua kwamba Addis Ababa ilikatikiwa umeme na dada yangu akaiwashia moto. Nami ndiye ninayewasimulia, kila siku naongeza injera mbili.

Ato Seifu amekuja. Nimemwambia ndiyo. Neno lilitoka zito, lakini lilitoka zima. Ana mke mwenye maneno machache na mabinti watatu wenye maneno mengi, wanahamia Jumamosi. Nilikuwa nimepanga siku hiyo niende kwa binamu nisiwaone wakiingiza vyombo.

Siendi. Nitawachomea kahawa mlangoni, duru zote tatu za vikombe, mpaka ile ya mwisho ya baraka. Kama wewe umeweza kuzoea watu kumi na wanne, mimi sitashindwa na watano.

Mdogo wako, anayejivunia wewe,
Zenebech