Ya Fundi Usiyaweke Mezani

9 Januari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko? Mgongo unaendeleaje? Sisi hatujambo. Mama naye hajambo ila goti, na goti lake unalijua, linapona akisikia kuna harusi.

Mjomba, nina ugomvi na wewe. Barua zako zote ni za mtu aliyekariri. Mimi sijambo, kazi ni nzuri, chakula ni kizuri, wenzangu wote hawajambo, sina zaidi. Miaka yote hiyo huna zaidi? Mama anasoma, anakunja, anasema, "Yuko salama." Mimi nasema hizo ni salamu tupu, na mtu anayetuma salamu tupu kuna kitu anaficha.

Sikiliza. Mimi na wenzangu tumefungua blogu, tumeiita Meza Ndefu. Tuko wachache hapa nyumbani na wengine wametawanyika nchi za mbali, tunaandika Kiswahili, kila mtu anakaa mezani na kusema yanayomkuta. Tuna wanafunzi wengi na wanaharakati wengi, tunawasemea wafanyakazi mpaka sauti zinakauka, ila mfanyakazi mwenyewe hayupo. Niandikie. Andika kwa mkono kama ulivyozoea, upige picha, mimi nitachapa.

Mama anakusalimu. Anasema ule.

Mpwa wako,
Chiriku


2 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Mimi sijambo, na mgongo upo, haujaenda popote. Mama yako mwambie nakula. Umeniita mwongo kwa adabu, nimepokea.

Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo maneno makubwa usiyategemee. Kazi yenyewe ni hii. Kiwanda kinafua mashuka ya hospitali. Yanaingia upande mmoja kwenye magunia, na uchafu unaoujua na mwingine usioujua, yanatoka upande wa pili meupe, yamekunjwa kama vitabu. Mimi niko katikati, kwenye mashine ya pasi. Ina vyuma virefu vya duara, vya moto, na mbele yake mkanda wa mpira unaopeleka shuka ndani. Nashika pembe ya kulia, mwenzangu ya kushoto, tunavuta, tunanyoosha, tunaachia. Ukiwahi kuachia, shuka linaingia limejikunja. Ukichelewa, linaingia na vidole. Mimi na mwenzangu hatuna lugha moja. Tunasemezana kwa nyusi, na mpaka leo hatujawahi kugombana.

Mwanzoni nilikuwa nasoma majina ya wodi kwenye pindo. Nikiona la wazazi nafurahi, nasema hili limepokea mtoto. Msimamizi akaniuliza nacheka nini. Siku hizi sisomi.

Chumbani tuko wanne. Kitanda cha juu yangu analala Kinyozi, anatunyoa sote, na akikoroma utadhani ile mashine imetufuata nyumbani. Ukimwambia anasema, "Mimi nakoroma kwa niaba ya wote."

Haya weka mezani kwako. Ila mwambie mama yako pale penye vidole nimetia chumvi.

Mjomba wako


21 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Habari za mashine? Za mgongo? Sisi wazima kabisa, na mama tangu asome ile ya vidole ananiuliza kila siku kama unavyo vyote kumi.

Mjomba, umetuvunja mbavu na umetutoa machozi. Kuna muuguzi yuko nchi ya baridi, amesema kila akitandika kitanda sasa anafikiria mikono yako. Kesho yake ameandika kisa chake mwenyewe, mtu ambaye alikuwa anasoma tu na kunyamaza. Baada yake dereva. Baada yake mama anayelea watoto wa watu. Watu hawajuani, wako nchi tofauti, na wanaulizana hali kama majirani. Wote wanakuita Mjomba. "Mjomba ameandika?" "Mjomba anasemaje?" Nimekuwa mpwa wa watu wote.

Sasa tunaandaa mkutano wa mtandaoni kuhusu waajiri wanaofungia pasipoti za wafanyakazi. Wewe hapo unamjua mtu yeyote aliyepatwa na hilo?

Mpwa wako,
Chiriku


16 Machi

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, marahaba. Mimi sijambo, vidole ni kumi, nimevihesabu mbele ya mashahidi.

Yale maoni Kinyozi anatusomea chumbani kwa sauti ya mtangazaji. Tunacheka, halafu mtu anasema, "Soma tena ile ya muuguzi." Zamani tukitoka kazini kila mtu aligeukia ukuta wake. Nakushukuru kwa hilo, sitakuficha.

Umeuliza kama namjua mtu. Namjua. Lakini haya ni yako wewe na mama yako. Ya Fundi usiyaweke mezani.

Fundi ni mwenzetu wa chumbani, tunamwita hivyo kwa sababu anatushonea viatu. Kiwandani sakafu ina maji na dawa, soli inalika upesi. Ule mkanda wa mashine ukichakaa unatupwa. Ni mpira mzito wa buluu. Fundi anauokota, anaukata kwa kisu cha mkate, anaushona kwa sindano ya magunia. Kiwanda kizima tunatembea juu ya buluu. Tukimuuliza atatudai nini, anajibu, "Niombeeni nisahaulike." Kinyozi akamwambia, "Wewe ukifa tutakuzika na sindano." Akasema, "Nizikeni na kisu, kina kazi zaidi."

Kabla ya hapa alikuwa mtunza bustani wa tajiri mmoja aliyemfungia pasipoti kabatini na yeye mwenyewe akamfungia ndani ya geti. Alitorokea dirisha la jikoni. Tajiri amemshtaki kuwa mtoro, na bado anamtafuta. Hapa anafanya kazi kwa karatasi za binamu yake, wamefanana masikio. Msimamizi akijua, kwisha habari yake.

Aliniambia tukiwa tunakunja mashuka, kama mtu anayeeleza jambo la jirani. Nimekwambia kwa sababu lilinielemea, na wewe ni mtoto wangu. Basi.

Mjomba wako


29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi hatujambo.

Nimekuelewa. Ya Fundi yatabaki kwangu, nimemsomea mama peke yake, amesikitika. Ningependa ufikirie tu jinsi kisa kama hicho kingewaamsha watu. Lakini nimekupa neno langu, yamekwisha.

Mpwa wako,
Chiriku


6 Mei

Chiriku,

Sijambo. Natumaini hamjambo. Mwezi mzima hukuniandikia tena na sasa najua kwa nini.

Alhamisi msimamizi alisimamisha mashine. Hiyo mashine haisimamishwi hata mtu akianguka. Akatupanga ukutani, akasema kila mtu ainue mguu, kama punda wanaokaguliwa kwato. Pembeni yake alisimama karani wa ofisini, na simu mkononi. Yule karani ni wa kwetu, anasoma Kiswahili kama mimi na wewe. Sijui alimwonyesha bosi wake kwa ubaya au kwa kicheko. Sasa haijalishi.

Buluu, buluu, buluu, mstari mzima.

"Nani anawashonea?" Karani ndiye aliyetafsiri.

"Tumenunua," Kinyozi akasema.

"Wapi?"

"Dukani."

"Duka gani?"

"Limefungwa."

Mtu mmoja akacheka, na mimi nilikaribia kucheka, Mungu anisamehe. Msimamizi akasema basi, wenye soli za buluu wote waende nyumbani wasirudi.

Fundi hakuwa nazo. Viatu vyake mwenyewe vilikuwa wazi mbele, soksi inaonekana, hakuwahi kupata nafasi ya kujishonea. Angenyamaza yangempita. Akatoka mstarini akasema, "Ni mimi. Hawa hawakujua mpira umetoka wapi." Wakampeleka ofisini. Kabla ya chakula cha mchana lilikuja gari la polisi, likamchukua. Sisi tukawashiwa mashine.

Jioni Kinyozi alitafuta kwenye simu mpaka akakipata kisa chenyewe, kiko mezani kwenu. Akasoma yote, kwa ile ile sauti ya mtangazaji. Dirisha la jikoni. Kisu cha mkate. Niombeeni nisahaulike. Alipomaliza akapanda kitandani kwake. Usiku ule hakukoroma.

Nauliza kitu kimoja tu. Ni wewe uliyeweka?

Mjomba wako


8 Mei

Mjomba, ni mimi. Nimelia tangu nisome.

Niache nieleze. Mkutano ulikuwa umekaribia, watu wa nchi nyingi walikuwa wamejiandikisha, na yule mama aliyekuwa atoe ushuhuda akaogopa. Wenzangu wakaniuliza, huna hata kisa kimoja cha mtu halisi? Nilikuwa nacho. Nilibadilisha jina, nikamwita Seremala. Nchi sikuitaja. Viatu niliviacha kwa sababu nilipowasomea wenzangu, viatu ndivyo vilivyowaliza. Nilijiambia nitakueleza baadaye, na kila siku baadaye ikasogea mbele.

Sasa watu wamewaka moto. Muuguzi amepata wakili anayejua mambo haya. Watu wanakusanya saini. Lakini tunahitaji jina lake kamili, Mjomba, na la tajiri. Bila jina hatuwezi kumpigania. Nitumie leo.

Chiriku


20 Mei

Mpwa wangu,

Hukuniamkia. Si kitu, mimi nitaanza. Hujambo? Mama yako hajambo? Mimi nimechoka, Chiriku, na safari hii si mgongo.

Umebadilisha fundi ukamwita seremala. Ulifanya kama mtu anayejificha nyuma ya kijiti. Ulijua la kuficha ni lipi, ndiyo maana uligusa jina. Ukaacha viatu kwa sababu vinaliza watu. Basi wamelia. Wamefuta macho, wamelala kwao. Fundi amelala wapi?

Chumbani sasa tuko watatu. Kinyozi hajanitukana, ningeshukuru kama angenitukana. Kichwa changu kimeota msitu na hanishikii mkasi. Juzi nilimwambia, "Mimi sikulitoa lile." Akasema, "Nani alilitoa humu chumbani?" Humu chumbani aliyelitoa ni mimi. Wenzetu kazini wameng'oa soli za buluu, wanaogopa. Wanatembea kwenye maji na soksi zimelowa, na mimi nikipita wanaacha kuzungumza. Na hata wao walikuwa wameanza kuniita Mjomba.

Unataka jina lake. Jina lile alinipa siku moja tunakunja mashuka. Hakunipa niligawe. Namba ya wakili wako nimempa Kinyozi, maana ana njia ya kumfikishia Fundi kule alikofungiwa. Akitaka atajitaja mwenyewe kwa mdomo wake. Ndivyo ulivyopaswa kufanya tangu mwanzo, kumuuliza mwenye maisha yake.

Najua umeijenga ile meza kwa moyo safi. Nilikaa pale nikashiba, miaka mingi sijashiba hivyo. Ila nilikwambia hili usiliweke, ukanipa neno lako. Angenifanyia mgeni ningesema mgeni hanijui. Wewe nilikubeba mgongoni, huu huu ninaoulalamikia.

Sijui niseme nini tena.

Mjomba wako


4 Juni

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena kwa ile niliyoisahau. Natumaini umepumzika kidogo. Mama hajambo ila haongei na mimi vizuri, anasema nimemvunjia kaka yake nyumba.

Barua yako niliisoma mara nyingi mpaka nikaikariri. Nikajiambia, mimi ninayedai watu wengine wakiri makosa, lazima nikiri langu mbele ya wale wale niliowadanganya. Kwa hiyo nimeiweka, Mjomba. Yote kama ulivyoandika, na juu yake nimeomba radhi, sikujitetea hata kwa mstari mmoja. Nilitaka waone nilivyokukosea.

Mjomba, hakuna kilichowahi kusomwa hivi tangu tufungue blogu. Ile ya kijiti wanaituma kwa simu mpaka kwa watu wasiotujua. Pale penye mgongo muuguzi amesema alilazimika kutoka nje. Tumekubaliana sasa kuwa hatutaweka kisa cha mtu bila yeye mwenyewe kukubali, na tunaiita kanuni ya Mjomba. Unaona? Umeibadilisha meza yote.

Ya Fundi bado hatujui. Wakili anasema hakuna aliyempigia.

Watu wanakuulizia. Wanasema Mjomba asinyamaze. Niandikie, tafadhali, hata kama ni kunitukana. Usinifiche kitu.

Mpwa wako anayekupenda,
Chiriku


30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Natumaini hujambo, na mama yako hajambo, na goti lake halijambo.

Mimi sijambo. Kazi ni nzuri. Chakula ni kizuri. Viatu ni vizima. Wenzangu wote hawajambo.

Nisalimie mama yako. Nisalimie majirani, na wote wanaoniulizia.

Sina zaidi.

Mjomba wako