Malezi ya Mwanaume wa Jikoni

Nyakato,
S.L.P. 2417,
MWANZA.
25 Juni, 1994

Mpendwa mdogo wangu Luhaga,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Naomba barua hii ikukute mzima huko Gaborone, wewe na shemeji yangu Odeta na huyo mgeni wenu wa miezi minne. Kifua chake kimepona? Uliandika kwamba anakohoa, kisha hukusema tena lolote, ukahamia kwenye mzaha. Sisi huku hatujambo. Modesta miguu inamvimba kwa kusimama kiwandani, Maige anaota magego, Kija amefunga shule. Mimi ni mgongo tu.

Barua yako ilifika tarehe kumi na moja, Jumamosi. Sikuchelewa kujibu kwa sababu ya kazi, maana kazi yangu unaijua, umeicheka kurasa mbili nzima. Nilichelewa kwa sababu ya hasira. Umeniita profesa. Umeniomba ushauri wa malezi, kuanzia mtoto anayelia mpaka mtoto anayesema uongo, eti uuweke kwenye faili. Tena ukaniambia uliwasimulia Watanzania wenzako hapo kwamba kaka yako, fundi mkuu wa mashine za kuchambulia pamba, siku hizi anafua nepi, mkacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Haya, nimefurahi kuwachangamsha. Lakini mtoto wako hana kosa, kwa hiyo ushauri nitakupa.

Tuanze na kulia. Mtoto akilia usikimbilie kumuuliza mama yake ana nini. Mama yake hajui zaidi yako, ila yeye hana pa kukimbilia. Mnyanyue kwanza, sababu utaitafuta akiwa mikononi. Mwaka jana Maige alilia asubuhi nzima, mimi nikamnywesha dawa ya tumbo mara mbili, kumbe uzi wa soksi ulikuwa umemkaza kidole cha mguu mpaka kimekuwa chekundu. Tangu siku hiyo navua soksi kabla sijasingizia tumbo.

Asiponyamaza, mbebe mgongoni kwa kanga. Nasema wewe, sisemi Odeta. Mgongo wa mwanaume ni mpana na mtoto hulala upesi. Mimi siku ya kwanza nilimbeba nimefunga mlango kwa komeo na pazia nimeshusha, nazunguka meza kama mwizi aliyekosa pa kutokea. Siku ya nne mkaa ukaniishia, ikabidi nitoke naye hivyo hivyo. Wanawake waliokuwa bombani walinyamaza wote kwa pamoja. Nilipowapita ndipo nikasikia kicheko. Inauma, bwana mdogo, sikufichi. Lakini mtoto alikuwa amelala, na mkaa nilirudi nao.

Akifika umri wa uji akaukataa, usimbane pua kama tulivyokuwa tukibanwa sisi. Mpe kijiko akulishe wewe. Atakumwagia kifuani, utaonekana kituko, ila kijiko cha tatu atakipeleka mdomoni mwake mwenyewe. Samaki mchambue kwa vidole, usiyaamini macho. Sisi siku hizi hatusumbuki sana na miiba ya sato, tunakula mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kukatwa. Minofu yenyewe hupanda ndege kwenda Ulaya. Modesta anaikata kutwa, kisha anarudi nyumbani kunyonya kichwa. Vichwa vina mafuta lakini, na watoto wamenenepa.

Sare ya shule ifuliwe Ijumaa. Ukisubiri Jumapili na mvua ikanyesha, mtoto ataenda shule na sketi mbichi. Madaftari yakague kabla hajala, akishashiba anasinzia. Na ukimwambia mtoto utampeleka mahali, mpeleke. Nilimwahidi Kija kumvusha na kivuko mpaka Kamanga akifaulu hesabu. Alipofaulu nikaanza kusema kesho, mara kesho kutwa, mpaka siku moja akaniambia nisijisumbue, ameshasahau. Hakuwa amesahau. Nilimpeleka Jumamosi iliyofuata, na njia nzima hakuniachia mkono.

Haya yote sikuyajua nilipokuwa kazini. Nilikuwa narudi nakuta watoto wameshaoga, nakaa, naletewa maji ya kunawa. Tulipopunguzwa mwaka juzi, watu mia mbili kwa siku moja, nilizunguka kila kiwanda cha mji huu na vyeti vyangu kwenye bahasha. Kwenye viwanda vipya vya samaki waliniambia wanahitaji akina mama, mikono yao ni myepesi. Modesta akapata. Nani angebaki na watoto? Dada wa kazi tulikuwa naye wiki tatu, akaondoka na shuka zetu. Nikabaki mimi. Sikuketi kikao na mtu kuliamua jambo hili, lilijiamua lenyewe asubuhi moja Modesta alipotoka na mimi nikamwona Maige amekaa sakafuni ananitazama.

Baba alikuja kutoka Bujora mwezi wa tatu, akanikuta nimeinamia beseni. Hakukaa. Aliuliza tu, kati yangu na Modesta ni nani aliyeoa na nani aliyeolewa, maana yeye anakumbuka ng'ombe walitoka kwenye zizi lake. Akarudi bila kunywa hata maji. Nadhani ndiye aliyekupa habari ulizozichekea.

Sasa uongo. Umeuliza mtoto akisema uongo ufanye nini, na umeuliza wakati mbaya, maana barua yako ilifika siku moja tu baada ya haya nitakayokueleza.

Unakumbuka tulivyolelewa. Wanaume tulikula nje kwenye shikome, karibu na moto, na jikoni hatukukanyaga. Mimi sasa jikoni ndimo ninamoshinda. Mwezi wa nne, siku ya Jumapili, Modesta alitembelewa na wenzake wanne wa kazini pamoja na msimamizi wao, mama mmoja anaitwa Getruda. Viti vya sebuleni ni sita tu. Modesta alikuwa hoi, kwa hiyo nilipika mimi, nikaandaa mimi, nikawanawisha mikono, kisha nikarudi jikoni kula na watoto. Nilikuwa na bukta na fulana ya mitumba. Hakuna aliyenitambulisha, na mimi sikujitambulisha. Niliona aibu, Luhaga. Fundi mkuu mzima nimeshika sufuria, ningeanzia wapi?

Kati ya jikoni na sebule ni pazia tu. Tulikuwa tunakula, nikamsikia yule Getruda anasema, "Modesta, huyu hausiboi umempata wapi? Nitafutie na mimi wa namna hii." Wakacheka. Nikasubiri. Modesta naye akacheka, akasema wa namna hii siku hizi hawapatikani.

Kija alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yangu, tonge mkononi, ananitazama. Ana miaka kumi, si mtoto wa kutoelewa. Nilimwambia amalize chakula chake. Basi, hicho tu ndicho nilichomwambia. Wageni walipoondoka niliosha vyombo, na Modesta akaniambia wale ni watu wa kazini, asingeweza kuanza kueleza mambo ya nyumbani. Nikamwambia sawa. Sikuona sawa, lakini nilimwambia sawa.

Tarehe kumi mwezi huu shule ilifungwa, na wazazi tuliitwa kuchukua ripoti. Modesta hakupewa ruhusa. Nilimwacha Maige kwa jirani, nikanyoa ndevu, nikapiga pasi ile suruali yangu ya kijivu ya sikukuu, nikaenda. Nakwambia ukweli, nilikwenda kwa furaha. Madaftari yale nimeyakagua mimi mwaka mzima, na majedwali ya kuzidisha tumeimba pamoja nikimenya viazi. Nilikuwa nakwenda kuchukua ripoti yangu na mimi.

Watoto walikuwa wamesimama barazani. Kabla sijafika mlangoni, kitoto kimoja kikamgusa Kija begani, kikamwambia hausiboi wao amekuja. Hakikusema kwa dharau. Kilisema tu kama mtu anavyosema mvua imekuja. Ndipo nikajua kwamba darasa zima wananijua, kwamba nimekuwa nikipita pale na kikapu changu cha sokoni miezi miwili watoto wakiniamkia vizuri, na mimi nikijiona baba wa mtu.

Ndani kulikuwa na wazazi kama ishirini. Mwalimu wao, Mwalimu Teodora, binti mpole, mgeni pale tangu Januari, akafungua daftari lake, akaniuliza mimi ni nani kwa Kija. Kija alikuwa ameingia nyuma yangu na wenzake wawili. Nikageuka. Luhaga, mwanangu alikuwa ananiomba. Hakufungua mdomo, lakini mtoto uliyemlea kwa mikono yako huhitaji aongee. Alikuwa ananiomba nisimwaibishe.

Nikasema, "Nimetumwa na mama yake."

Mwalimu akafunga daftari. Akasema kwa upole kwamba ripoti hupewa mzazi tu, nimwambie mama mwenyewe aje. Nikamshukuru, nikatoka. Kija alitangulia na wenzake, na mimi nikawafuata kwa mbali, kwa kuwa hausiboi hatembei na watoto wakiwa na marafiki zao. Hilo nilijifunza siku hiyo hiyo, upesi sana.

Modesta alikwenda Jumatatu, kabla ya zamu ya mchana. Kija amekuwa wa tatu kati ya watoto tisini na wanne. Mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mtoto anatunzwa vizuri nyumbani, mama yake apongezwe. Modesta alinisomea maneno hayo kwa sauti mpaka mwisho, ndipo akaikunja ripoti. Nilimuuliza kama alimwambia mwalimu mimi ni nani. Akasema kulikuwa na foleni. Palipoandikwa sahihi ya mzazi ameshatia yake.

Usije ukamchukia shemeji yako. Anasimama kwenye barafu saa kumi kwa siku ili sisi tule, na usiku namkanda miguu. Lakini jibu lile la foleni limenikaa hapa, halishuki.

Kija sikumchapa. Nilitaka, fimbo niliichuma kabisa. Nilikaa nayo siku tatu, kisha jioni moja tukiwa wawili tunaparua samaki nikamuuliza kwa nini aliwaambia wenzake vile. Hakulia. Aliendelea kuparua, akanijibu taratibu kabisa, "Mama alicheka, na wewe Baba hukusema kitu. Nikajua ndivyo tunavyosema kwa watu."

Fimbo ile niliitia jikoni kwenye moto. Ningemchapa kwa lipi? Uongo ule niliuruhusu mimi nikiwa na tonge mdomoni, halafu nikaenda kuuthibitisha mbele ya mwalimu wake. Kwa hiyo, bwana mdogo, andika kwenye faili lako: mtoto akisema uongo, kabla hujamuuliza yeye, jiulize ulinyamaza wapi. Na usione aibu ya nepi. Ukiionea aibu wewe, mtoto ataionea zaidi, na hatakuwa na akili ya kutenganisha aibu ya nepi na aibu ya baba yake.

Shule inafunguliwa tarehe kumi na moja Julai. Nimemwambia Kija nitampeleka mimi, tutaingia pamoja, na kwa Mwalimu Teodora nitasema nilichopaswa kusema. Aliinama, akauliza kama nitavaa ile suruali ya kijivu. Nimemwambia ndiyo. Mpaka leo hajanijibu kama anataka niende, na mimi naogopa kumuuliza tena. Nitakwenda tu.

Nisalimie sana Odeta, mwambie kikohozi cha mtoto asikichezee, ampeleke kwa daktari, na wewe ndiye umbebe mkienda. Modesta anawasalimu, Maige anawasalimu kwa lugha yake. Baba ukimwandikia mwambie tu wajukuu wake wanakula na kushiba. Mungu awatunze ugenini, ampe mwanao kifua kizuri, na wewe akupe moyo wa kutocheka upesi. Barua hii kama utawasomea wenzako, wasomee mpaka hapa mwisho, pamoja na jina.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ingawa nimekukasirikia,

Masalu,
baba yake Kija.