Maelezo ya Herminia Dolar Kuhusu Mguu wa Wenceslao

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Herminia Dolar. Umri: miaka 57. Kazi: mkausha samaki. Makazi: kijiji cha Balud Ilaya, mkoa wa Capiz. Yameandikwa kituoni Jumatano, tarehe 16 Oktoba 2024, mbele ya Sajini Arnulfo Gabasa.

Leo asubuhi Daktari Villaruz wa hospitali ya mkoa ameniambia kwamba mguu wa kulia wa mdogo wangu Wenceslao umekatwa juu ya goti, na kwamba uambukizo bado uko kwenye paja. Nimekuja hapa kwa sababu mkewe, Nenita, amemshtaki mganga wetu, Bibi Upeng.

Mnamo tarehe 10 Oktoba, Wenceslao alichomwa na mwiba wa samaki kwenye kifundo cha mguu, katika bwawa analolilinda. Alinawa kwa maji ya bwawa hilohilo akaendelea na kazi. Jumamosi jioni wekundu ulikuwa umeshika muundi na malengelenge yametokea. Niliutazama mguu nikasema ni mkanda wa jeshi. Kwetu tunauita nyoka: huzunguka mwili, na kichwa kikikutana na mkia mgonjwa hufa. Mimi ndiye niliyemlea Wenceslao. Nyumbani kwake neno langu halipingwi.

Jumapili tulimwita Bibi Upeng. Aliandika sala kwa wino mweusi kuzunguka mguu, ili kumzuia nyoka. Wenceslao alicheka.

"Dada, sasa nimekuwa bahasha. Nibandike stempu unipeleke posta."

"Nyamaza, bahasha haina mdomo," nilimjibu.

Kazi yangu ikawa kupima kwa vidole pengo lililobaki kati ya kichwa na mkia wa nyoka, nyuma kwenye shavu la mguu. Jumatatu asubuhi vilienea vidole vitatu. Wekundu ulikuwa umepita goti, ngozi imevimba na kung'aa, na mstari mwekundu ulipanda hadi kwenye kinena. Niliuona. Sikuujali, kwa kuwa nyoka huzunguka, hapandi.

Nenita aliniambia, "Wifi, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Niite bajaji?"

"Bado vidole vitatu."

"Mimi vidole sivijui! Najua mume wangu ananiita mama yake."

Nilimtuma maji kisimani ili atulie. Alipokuwa huko, Bibi Upeng alifika, akamshika mgonjwa paji la uso, akasema, "Mimi namfunga nyoka tu. Homa hii si yangu. Mpelekeni hospitali leo."

Nilimwambia, "Kwani wino wako umeishiwa nguvu, Bibi? Ncha zikikaribiana ndipo tutakwenda." Aliondoka bila kunywa kahawa niliyomtengea. Nenita hakuyasikia maneno hayo, na aliporudi sikumwambia.

Jumanne alfajiri Wenceslao aliitwa, hakuitika. Juu ya kifundo palikuwa na doa jeusi. Nilidhani ni wino umechuruzika, nikalisugua kwa kitambaa chenye maji. Halikutoka. Ndipo mimi mwenyewe nikakimbia kutafuta bajaji.

Daktari hakuuliza habari za pengo. Alisema huu haukuwa mkanda wa jeshi. Vijidudu vilipita kwenye tundu la mwiba. Wekundu unaosambaa haraka, homa ya kutetemeka, mtu kuchanganyikiwa: kimojawapo tu kilitosha kumleta siku ileile. Nilimuuliza kama mguu ungepona tungemleta Jumatatu.

"Siwezi kukuapia, mama," alisema. "Ila tungekuwa na la kufanya."

Bibi Upeng alisema tumpeleke. Aliyekataa ni mimi. Nenita ametaja jina la bibi. Langu hakulitaja, na najua ni kwa kuniheshimu. Naomba liandikwe.

Nimesomewa maelezo haya. Ni maneno yangu, na sina la kuondoa.

Sahihi: H. Dolar

Maelezo ya afisa: Shahidi ametia sahihi kwa hiari yake. Ameomba mlalamikaji asomewe maelezo haya kabla mgonjwa hajarudishwa chumba cha upasuaji. Nenita Dolar ameitwa kituoni kesho, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Upasuaji wa pili umepangwa Ijumaa, tarehe 18 Oktoba, saa mbili asubuhi.

Sajini A. Gabasa