Mahindi Mekundu ya Baba Onesphore

Baba Onesphore, mwaka umetimia tangu tukulaze kwenye udongo wa Kiringye, ule ule uliokuwa ukiuosha kwenye jembe kila jioni kabla hujamsalimu mtu. Wageni walikuona mkali. Sisi tulijua kwamba jembe likishakauka utauliza nani amekula na nani bado.

Ulilima shamba la baba yako, naye alilima la babu yako, aliyeshuka kutoka milimani na fungu la mahindi mekundu begani. Kila mavuno ulichagua yaliyo makubwa, ukayasuka kwa maganda yake na kuyatundika juu ya mafiga, moshi uyalinde na wadudu. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu. Hakuna aliyeigusa, hata mwaka ule wa njaa tulipokula mihogo mitupu.

Lakini kumnyima mtu ulikuwa hujui. Hata jirani yetu Ndayisenga, mliyegombana naye maji ya mfereji kila kiangazi hadi mkanuniana kanisani, alipata fungu lake. Mama yetu, Georgette, alinung'unika: "Weye, utatumaliza mbegu." Nawe ukamjibu: "Acha bapande. Siku mbegu yetu itaoza, tutaenda kuomba kwabo."

Haikuoza, Baba. Iliisha siku ya msiba wako. Watu walijaa uani. Akina mama wa kanisa waliotoka Uvira waliingia jikoni kutusaidia, wakaona mahindi juu ya moto, wakadhani ni akiba ya chakula. Wakayapukuchua, wakayapika na maharagwe. Mama aliziona punje nyekundu kwenye sahani yake. Angewaaibishaje watu waliokuja kulia naye? Alikula, akashukuru.

Usiku ule alitwambia: "Nimemuzika, halafu nimekula na kazi yake." Iliuma, Baba, na bado inauma kuikumbuka.

Mvua zilipokaribia, mwanao Vainqueur alitaka kununua mbegu ya dukani. Mama akamwambia angoje kidogo, ingawa hakusema anangoja nini. Ndipo asubuhi moja Ndayisenga akavuka mfereji na kikapu kichwani, akakitua mlangoni.

"Mama Georgette, mahindi ya muzee iko. Ile alinipatiaka, miye sikuachaka kuipanda."

Mama alimshika mkono. Tulipanda wiki ile ile, na Ndayisenga mwenyewe akaja na jembe lake. Maji ya mfereji bado tunagombana naye, usidhani tumegeuka malaika.

Sasa mahindi yako yametundikwa pale pale, na yameanza kuwa meusi kwa moshi. Juzi mwanamke mmoja wa Luvungi alikuja kuomba mbegu. Mama alishusha fungu moja, akamtazama, akaongeza la pili. Binti yako Sidonie akamtania: "Mama, utatumaliza mbegu."

Mama akacheka. Tulikuwa hatujasikia kicheko chake tangu uende.

Wanaokukumbuka ni mke wako Georgette. Watoto wako Sidonie, Vainqueur na Naomie. Wakwe na wajukuu wako wote. Pamoja na Ndayisenga wa ng'ambo ya mfereji, aliyeomba jina lake lisikose hapa.

Pumzika, Baba. Kila tutakapopanda, tutakukumbuka.