Mtihani wa Mikataba Siku ya Sabato

Jumatatu, 4 Agosti

Pendekezo. Kukubali. Kitu cha kubadilishana. Nia ya kufungwa na sheria. Nguzo nne za mkataba. Nimeyasema haya nikisugua sufuria, nikianika nguo, nikingoja mtungi ujae. Boke, tunayeishi naye chumba kimoja hapa Homa Bay, anadai hata usingizini nayasema. Anatia chumvi. Lakini nayajua.

Nayajua, na bado Aprili nilifeli. Madam Atieno, anayetufundisha Mikataba, aliandika juu ya jibu langu kwa wino mwekundu: "Haya ni mahubiri. Sheria iko wapi?" Swali lilikuwa la mzee aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa, nami nikajaza karatasi nikieleza muuzaji ni mtu mbaya kiasi gani. Si alikuwa mtu mbaya! Sasa narudia. Nikifeli tena nafukuzwa chuo, basi, narudi Ndhiwa kupalilia miwa.

Ratiba imebandikwa leo. Mikataba, wanaorudia: Jumamosi asubuhi.

Jumamosi! Mimi ni Msabato. Baba ni mzee wa kanisa. Mji huu umejaa Wasabato, hata mama wa mandazi pale getini hafungui Jumamosi, na mtu mzima mwenye digrii zake amekaa ofisini akaandika Jumamosi. Chakula kimenishinda. Nimekasirika.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa mratibu wa mitihani. Nilijiandaa kupigana, nikakuta mtu mpole. Akasema hilo ni jambo dogo. Wengine wakifanya asubuhi, mimi nitafungiwa chumba cha pekee na msimamizi, bila simu, nisisikie maswali, mpaka jua lizame. Kisha nitafanya wangu. Wasabato wengine wamefanya hivyo miaka nenda miaka rudi.

Nikamuuliza kama nijaze fomu ya kuahirisha hadi Desemba, maana mwisho wake ni kesho. Akacheka. "Ya nini, msichana wangu? Si nimeshasema?"

Basi sikujaza. Nimerudi nikiimba njia nzima.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi na Boke. Yeye ni Mkatoliki kutoka Kegonga na Mikataba alipita zamani, kwa hiyo ananifundisha kwa kiburi kikubwa. Ananipa swali: mtu ametangaza pikipiki kwa redio, mwingine amempigia simu, simu imekatika kabla ya "ndiyo" kusikika. Mkataba upo? Nikasema aliyekata simu ni mjanja na hafai. Akanipiga kichwani na kitabu.

"Umeanza tena kuhubiri. Hakuna aliyekuuliza nani anaenda mbinguni."

Nimemkasirikia. Ana haki. Ndiyo maana nimemkasirikia.

Alhamisi, 7 Agosti

Yawa! Yule mtu!

Nimepita ofisini kuuliza chumba ni kipi. Hakuna chumba. Hakuna msimamizi. Eti walimu wote wana shughuli zao Jumamosi, hawezi kumlazimisha mtu kukaa kutwa nzima akimlinda mwanafunzi mmoja. Nikamwambia: uliniahidi. Akasema, "Nilisema nitaangalia."

Hakusema nitaangalia. Hakusema! Na fomu ya kuahirisha ilifungwa jana.

Nikamwambia sheria. Kwamba ukimpa mtu ahadi, akaitegemea, akaacha njia nyingine kwa sababu yako, huwezi kugeuka baadaye. Nilisema vizuri. Akaangalia faili langu, akaniangalia mimi. "Si wewe ndiye uliyefeli hii Mikataba?"

Karani wake akacheka. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, na nachukia kwamba nililia.

Baba amepiga simu jioni. Nimemweleza. Akasema ataomba. Hakuniambia nisifanye. Hakuniambia nifanye. Ningependa anikataze, nimkasirikie yeye badala yake. Boke naye anasema nifanye tu asubuhi, Mungu anaelewa mambo ya ratiba. Labda Mungu anaelewa. Lakini tangu nizaliwe sijawahi kushika kalamu siku hiyo, na sitaki mtu wa kunifanya niishike awe yule mratibu.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika haraka, jua linashuka na Sabato inaingia.

Madam Atieno huja kutoka Migori kila Ijumaa. Nimemvizia alipotoka darasani. Yeye ndiye mtu wa mwisho niliyetaka kumwomba kitu. Alisoma kwa masista wa Asumbi, na hajawahi kutabasamu mbele yetu hata siku moja. Nikamweleza yote mpaka kile kicheko cha karani. Nikamaliza na ile sheria ya ahadi.

"Hiyo kesi ungeshindwa," akasema.

Kwa nini? Hakusema. Aliniambia mimi ndiye mwanafunzi, nitafute. Nilitaka kumtupia mkoba. Kisha akapanda ngazi kwenda ofisi ya mratibu, akafunga mlango, na nje nikasikia sauti moja tu, ya kwake. Alipotoka akaniambia nije kesho kabla ya wengine kuingia, na nije na chakula. Atakaa na mimi yeye mwenyewe.

Nikaanza kushukuru, akanikatiza. Hafanyi hivyo kwa ajili yangu. Anafanya kwa sababu chuo kilisema kitafanya.

Nimepika wali na maharagwe ya watu wawili. Bado nina hasira naye. Ningeshindwa kwa nini?

Jumapili, 10 Agosti

Jana.

Chumba chenyewe ni stoo ya viti vibovu kando ya maktaba. Simu yangu alipewa askari wa lango. Madam akasahihisha karatasi za watu kutwa, mimi nikakaa. Nimesali. Nimeimba kimoyomoyo. Biblia aliniruhusu baada ya kuipekua kila ukurasa, kama mwizi! Mchana tukala. Alisema maharagwe hayana chumvi, akaongeza mengine.

Alasiri akaanza kuangalia saa. Magari ya Migori huwa machache jioni ikishaingia. Mara akaweka bahasha ya mtihani mbele yangu.

"Andika."

Jua lilikuwa bado liko ukutani. Mstari mwembamba tu, wa manjano, juu ya kile kirundo cha viti. Nikaurudisha mkono magotini. Nikasema bado.

Akasema hapa hakuna mtu. Nani atajua? Nikasema mimi. Akauliza kama ninajua nani atasahihisha karatasi hiyo. Najua, Madam. Akauliza kama ninajua atalala wapi akikosa gari. Hilo sikujua, na aibu ilinishika. Lakini niliwaza: wiki nzima nimegombana na kila mtu kwa ajili ya siku hii, halafu niiuze kwa huo mstari wa manjano? Nikarudia: bado.

Akaenda dirishani akanipa mgongo. Tukakaa hivyo, wawili tumenuna, hadi akasema, bila kugeuka, "Limezama. Fungua."

Swali la kwanza. Kwaya imeahidiwa ukumbi bure. Kwa sababu hiyo imekataa ukumbi mwingine. Sasa mwenye ukumbi amegeuka. Wape ushauri wanakwaya wanaotaka kumshtaki.

Damu ilinipanda. Ilikuwa kesi yangu! Nikashika kalamu nimwandike yule mratibu, nimwandike mpaka aishe, yeye na karani wake. Niliandika neno "Mwongo" pale juu.

Nikalikata.

Kwa sababu hapo ndipo nilipoona kwa nini ningeshindwa. Kwaya haikutoa kitu cha kubadilishana. Ahadi ya bure si mkataba. Na ile sheria ya kutegemea ahadi ni ngao, si panga. Ukishtakiwa unajikinga nayo, lakini huwezi kumwendea nayo mtu aliyekaa kwake ukamshtaki. Wanakwaya wamedhulumiwa, na wakienda mahakamani kwa hiyo ahadi peke yake watashindwa. Iliniuma kuandika hivyo. Niliandika kwa meno yaliyokazwa, hatua moja baada ya nyingine, na sikumwita mtu yeyote mbaya. Maswali mengine manne nikayafanya vilevile.

Madam alikosa gari. Tulimlaza kwenye kitanda cha Boke, sisi wawili tukalala kwa mkeka. Asubuhi hii amekwenda misa na Boke, kisha Migori. Hakutaja mtihani. Nami sikuuliza, nilikuwa bado nimenuna.

Jumapili, 24 Agosti

Hakuna matokeo. Nimemwona mratibu sokoni akinunua samaki. Amenisalimia vizuri kabisa, kama hakuna kilichotokea. Nimeitikia, kwa adabu, na bado ningependa samaki wake waoze.

Jumamosi, 30 Agosti, jua limezama

Simu yangu huwa naizima tangu Ijumaa jioni. Boke hulala Jumamosi mpaka jua liwe kali. Leo alikuja kanisani.

Nilimwona anaingia wakati wa wimbo wa pili, kilemba alichotoka nacho kwao Kegonga kichwani, akajisukuma kwenye benchi letu akaketi kando yangu. Hajawahi kuja. Nikajua matokeo yametoka, na kwamba ameyaona.

Alijua sitauliza mambo ya mtihani kabla Sabato haijaisha. Hakusema. Alikaa mahubiri yote, na mchungaji wetu si mtu wa kuharakisha. Alikula na sisi chini ya turubai. Alasiri alirudi ndani akasikiliza darasa la Biblia akipiga miayo kwa siri. Nilimtazama usoni mara nyingi kuliko nilivyomtazama mchungaji. Uso wa Boke ukitaka kuficha kitu hauonyeshi kitu.

Tulitembea nyumbani polepole. Tukaketi mlangoni. Akawa anachezea pindo la leso yangu, mimi nikitazama paa la jirani likipoteza rangi.

Jua lilipozama alisubiri kidogo zaidi, kwa hakika.

Kisha akasema nimepita.